Maswali ya Wasomaji: Kazi za Mikono Zinapotolewa Mbele ya Watu

Barua za toleo hili zimetoka Iringa, Kyela, Makambako, Mbeya, Njombe na Rungwe. Tumezifupisha na kuondoa majina ya walioziandika, na tumeziweka pamoja kwa sababu zote zinahusu kazi za mikono na sanaa za jamii zinapotoka nyumbani kwenda kwa watu: zionyeshwe vipi, nani atajwe, na nani anufaike.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu vya milulu, majani ya bondeni, pembezoni mwa Manispaa ya Iringa. Kwa muda mrefu tumemuuzia mnunuzi mmoja kutoka Dar es Salaam ambaye huja na gari, akachagua na kulipa kwa jumla. Hatujui vikapu vyetu vinaishia wapi. Binti mmoja wa kikundi amependekeza tufanye maonyesho yetu wenyewe mjini. Wengine wanaona ni kupoteza siku za kusuka, kwani mtu wa Iringa hawezi kulipia kikapu anachokiona kwa shangazi yake kijijini. Je, tufanye? Na tukifanya, tuanzie wapi?
Msusi, Iringa

JIBU: Shikamoo mama, na salamu kwa kikundi chote. Fanyeni maonyesho hayo, lakini msiyapime kwa idadi ya vikapu vitakavyouzwa siku ile. Mnunuzi wenu wa jumla anajua jambo moja ambalo ninyi hamlijui: mtu wa mwisho anakishikaje kikapu, anauliza nini, anakikataa kipi na yuko tayari kulipa kiasi gani. Yeye huyaona hayo Dar es Salaam, nanyi mnabaki kupangiwa bei na saizi. Siku mtakayokaa na vikapu vyenu mbele ya watu, hata kwa saa chache tu, mtayasikia wenyewe, na akija tena na gari lake mtazungumza naye kwa namna nyingine.

Hoja ya kwamba mtu wa Iringa hatanunua ilikuwa na nguvu zamani kuliko sasa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na tangu hapo kila anayekwenda sokoni anahitaji kitu cha kubebea nyanya, maparachichi na dagaa, wakati mifuko myepesi iliyokuja kushika nafasi hiyo huchanika mikono mapema. Tena wasichana wengi waliokulia Kihesa au Mwangata wamekiona kikapu cha milulu kikitumika nyumbani bila kumwona hata siku moja mtu akikisuka. Hao ndio watakaosimama muda mrefu kwenye meza yenu.

Kwa hiyo mpeni mtu kitu cha kutazama ambacho dukani hakipo. Wekeni fungu la milulu kama lilivyokatwa bondeni, pembeni yake milulu iliyopasuliwa na kukaushwa, kisha iliyotiwa rangi, halafu kitako cha kikapu kilichoanza tu, na mwisho kikapu kilichokamilika. Mmoja wenu akae hapo akiendelea kusuka tangu asubuhi. Mikono inayofanya kazi huwavuta watu kuliko bango lolote. Wenzenu wa Neema Crafts hapo hapo Iringa, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili kuwapatia kazi watu wenye ulemavu, wamelijua hilo kwa miaka mingi: mgeni hupitishwa karakanani akaona kazi inavyofanyika, na akifika dukani hahitaji tena kuelezwa kwa nini kitu kina bei hiyo.

Vikapu vyenyewe msivipange kwa kuvitia kimoja ndani ya kingine kama vinavyopangwa kituo cha mabasi. Kikapu kilichofichwa ndani ya kingine hakionekani kilivyopanda kutoka kitakoni, wala nakshi yake haizunguki machoni. Ni afadhali mpeleke vikapu 20 vilivyochaguliwa, kila kimoja na nafasi yake, kuliko mlundike 100. Vingine vitundikeni kwa kamba ya katani usawa wa macho. Msivikalishe juani mchana kutwa kwa sababu rangi hupauka, na msivilaze chini kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, maana milulu hunyonya unyevu na kuota ukungu. Kwa sababu hiyohiyo achaneni na miezi ya masika. Kipindi cha Juni hadi Oktoba ni kikavu, na ndicho pia ambacho wageni wengi hupita mjini wakielekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa mlishike hata kama mengine yote mtayaacha. Kila kikapu kiwe na kadi, na kila kadi iwe na jina la aliyekisuka. Nimeshaona mezani kadi nzuri zilizochapwa zikisema tu kwamba hiki ni kikapu cha asili ya Kiafrika, kana kwamba bara zima lilikaa chini likasuka. Kadi yenu iandikwe jina la msusi, kijiji au mtaa wake, siku alizotumia, namna ya kukitunza na bei. Asiyependa jina lake lote liandikwe aandike la kwanza tu au la ukoo, na uamuzi huo awe nao yeye mwenyewe, wala si mwenyekiti. Mnunuzi akirudi baada ya mwaka akitaka kikapu kama kile, atamuulizia mtu, na huyo mtu atapatikana. Bila jina atamuulizia yule mwenye gari.

Bei nayo ipangeni kwa hesabu mnayoweza kuisema kwa sauti mbele ya mteja. Chukulieni mfano: kikapu kimechukua siku tatu, nanyi mmekubaliana siku ya kazi ni shilingi 8,000; hiyo ni 24,000. Milulu na rangi 3,000, mikono ya ngozi 6,000, sehemu ya nauli 2,000. Jumla ni 35,000. Mteja akisema ana 15,000, msusi hana sababu ya kukasirika wala ya kuona haya; amwonyeshe hesabu, kisha amwonyeshe kikapu kidogo kinacholingana na fedha yake. Huenda mkagundua kwamba mnunuzi wa jumla amekuwa akiwalipa chini ya gharama ya siku zenu. Hilo mlijadili ninyi wenyewe, nyumbani, si pale mezani.

Kuhusu mahali, andikeni barua kwa Iringa Boma, jengo la zama za Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho na kituo cha utamaduni. Watu wanaoingia pale wamekuja kutazama tayari, na hiyo ni nusu ya kazi. Nakala mpelekeeni afisa utamaduni wa manispaa. Ikishindikana, viwanja vya kanisa baada ya ibada ya Jumapili, kwa ruhusa ya wazee wa kanisa, vinafaa sana, na Soko Kuu lenyewe msilidharau. Mkichagua sokoni, malizaneni kwanza na uongozi wa soko kuhusu ushuru ili msije mkahamishwa saa nne asubuhi vikapu vikiwa vimeshatundikwa.

SWALI: Mama yangu na shangazi zangu ni wafinyanzi wa Kikisi upande wa Ikombe, ziwani Nyasa. Mimi ninaishi Mbeya mjini na ningependa kuleta vyungu vyao vionyeshwe wakati wa Nane Nane pale Uyole. Mwaka uliopita nilijaribu kuvileta kwa gari la abiria, vingi vikavunjika. Zaidi ya hayo, rafiki yangu amenishauri tuvipake rangi ya mafuta na vanishi, akisema vyungu vya rangi ya udongo havivutii watu wa mjini. Mnanishauri nini?
Kijana wa Kyela, Mbeya

JIBU: Rafiki yako ana nia njema, lakini ushauri wake utaua kile hasa unachotaka kukionyesha. Chungu cha Kikisi hufinyangwa kwa mkono bila gurudumu, husuguliwa hadi uso wake ukalainika, hutiwa wekundu wa udongo na nakshi nyeupe, kisha huchomwa mahali pa wazi. Udongo uliochomwa hivyo hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Maji ndani ya mtungi hupenya polepole hadi nje, upepo huyakausha, na katika kukauka huko joto huondoka. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi bila umeme wala barafu. Ukiupaka mtungi vanishi umeviziba vitundu hivyo, na sasa una pambo zito lisilopoza kitu. Chungu cha kupikia kilichopakwa rangi ya mafuta ni kibaya zaidi, kwani kikipata moto kitatoa harufu na moshi, na hakuna anayejua ni kitu gani kitaingia kwenye maharage.

Badala ya kupaka rangi, onyesha chungu kikifanya kazi yake. Asubuhi jaza mtungi maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, na pembeni weka ndoo ya plastiki yenye maji yaleyale. Upepo mkavu wa Agosti pale Uyole utakusaidia. Kufika saa saba mchana waalike watu waguse mtungi, kisha waguse ndoo, halafu wanywe kutoka vyote viwili. Weka na mafiga matatu, ubandike makande katika chungu kimoja kilichokwisha kuzoeshwa moto nyumbani, wala si kipya, kisije kikapasuka mbele ya kadamnasi. Harufu ya makande itawaleta hata waliokuja kutazama matrekta.

Nasema hivyo kwa sababu Nane Nane ina shida yake. Katika viwanja vya John Mwakangale watu huja kwa mbegu, mifugo, zana na nyama choma, na kazi ya mikono huwekwa kwenye kona ya banda la halmashauri, nyuma ya magunia ya mchele na maboksi ya mvinyo wa ndizi. Nenda mapema, miezi miwili mitatu kabla, ukazungumze na ofisi ya utamaduni na ya maendeleo ya jamii wilayani Kyela ili upewe nafasi inayoonekana kutoka njiani. Wasipokuwa na nafasi, jaribu SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria mwaka 1973, ambalo lina ofisi Mbeya na limezoea kuwapangia mabanda watengenezaji wadogo.

Kuvunjika kwa vyungu kunatokana na jinsi vinavyofungwa kuliko ubovu wa barabara. Wakisi wamesafirisha vyungu kwa mitumbwi kwenda kwenye soko la Lyulilo karibu na Matema na kwingineko ufukweni miaka mingi, na maji hayarushi mzigo kama tuta la barabarani. Kwa safari ya gari, huko kwenu majani makavu ya migomba hayanunuliwi. Jaza majani ndani ya kila chungu hadi mdomoni, zungushia mengine nje, na usiruhusu udongo ukutane na udongo. Chungu kidogo kinaweza kukaa ndani ya kikubwa iwapo kuna unene wa kiganja wa majani kati yao pande zote. Vitie kwenye matenga ya mianzi, mdomo ukielekea chini, na tenga lijae pomoni. Nafasi tupu ndiyo inayovunja. Mwambie kondakta wazi kwamba juu ya tenga hakuwekwi kitu, na ikibidi lipia kiti. Ukifika, gonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kwa sauti wazi, chenye ufa hutoa sauti butu hata kama ufa wenyewe huuoni, na hicho usimuuzie mtu.

Jambo la mwisho: mlete mama yako. Usije ukasimama wewe mwenye shati la mikono mirefu ukieleza kazi ambayo hukuifanya, huku aliyeifanya yuko Ikombe. Alete na donge la udongo afinyange palepale. Kama kuzungumza mbele ya watu kwa Kiswahili kunamlemea, aeleze kwa Kikisi nawe utafsiri, bila kuongeza chumvi. Wenye simu watataka kumpiga picha. Hilo yeye ndiye wa kukubali au kukataa, na bango dogo linalosema ombeni kwanza litamwepusha na usumbufu.

SWALI: Kikundi chetu cha Makambako kina wachoraji, wafumaji na wachezaji wa ngoma. Tunataka kufanya siku ya wazi. Je, tutoze kiingilio?
Katibu wa kikundi, Makambako

JIBU: Mara ya kwanza msitoze. Wekeni sanduku la mchango lenye maandishi yanayosema fedha itanunua nini, na jioni bandikeni mlangoni kiasi kilichopatikana ili kila mtu akione. Ngoma mnaweza kuitengea saa yake na kiti cha kulipia, watoto wakiingia bure.

SWALI: Sisi ni vijana wanne wa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kwa ruhusa ya mdomo ya mwenye nyumba, tulichora ukuta mrefu unaotazama barabara: akina mama wa ndizi, treni ya TAZARA na mlima Loleza nyuma yao. Rangi tulichangishana wenyewe na majirani. Mwaka huu nyumba moja ya wageni imechapisha kalenda yenye picha ya ukuta wetu, bila jina letu na bila kutuuliza. Mwenye nyumba naye anasema ukuta ni wake, kwa hiyo picha ni yake. Je, tuna haki gani?
Wachoraji, Mbeya

JIBU: Mwenye nyumba ana haki juu ya ukuta. Mchoro ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapokamilika, iwe imesajiliwa au haijasajiliwa, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Pamoja na haki ya kunufaika kifedha, sheria inamtambua mtunzi kwa jina, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo haki mliyonyimwa kwanza. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki, ambayo wengi bado wanaiita COSOTA, hauanzishi haki, ila unawapa ushahidi mwepesi pindi mkibishana na mtu.

Kwa hiyo kusanyeni ushahidi mlio nao. Tafuteni picha mlizopiga ukuta ukiwa nusu, kwa kuwa simu huhifadhi tarehe. Tafuteni risiti za rangi, na majirani wawili watakaoandika kwamba waliwaona mkichora. Kisha andikeni barua ya heshima kwa mwenye nyumba ya wageni. Mwambieni ni ninyi mliochora, ambatisheni picha, na ombeni mambo mawili: majina yenu yachapwe katika nakala zitakazofuata, na mkae mzungumze malipo. Inawezekana alimpa mchapaji kazi, mchapaji akachukua picha popote alipoikuta. Msianze kwa kumchafua mitandaoni, maana mkishamtukana hadharani atajibu kupitia wakili, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha kabla hayajaanza. Akikaa kimya, ndipo mlipeleke lalamiko Ofisi ya Hakimiliki, na huko mtaelezwa pia sheria inasemaje hasa juu ya kupiga picha kazi iliyowekwa mahali pa wazi, jambo lenye masharti yake.

Msichanganye, hata hivyo, kazi yenu na mtindo. Mkimwona kijana mwingine amechora Loleza na mama wa ndizi kwa mkono wake, huyo hajawaibia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini huko Tunduru, alifariki mwaka 1972 baada ya kuchora kwa miaka michache tu, lakini waliojifunza kwake waliendelea na wengine wakajifunza kwa hao, hadi wakaunda ushirika wao Dar es Salaam mwaka 1990. Mtindo ni wa wote, na jina lake wanalitumia wote, ila kila picha hubeba sahihi ya aliyeichora. Ninyi ukuta wenu hauna sahihi. Nendeni wiki hii mkaiweke, pembeni chini, herufi zinazosomeka, mwaka na jina la mtaa. Atakayepiga picha kesho atalazimika kuikata kwa makusudi akitaka isionekane.

Na ukuta ujao andikianeni na mwenye nyumba kabla ya kufungua kopo la kwanza. Karatasi moja inatosha: nani ananunua rangi, mchoro utakaa muda gani kabla hajapaka upya, nani ataruhusu picha za biashara na mapato yatagawanywaje. Majirani waliochangia rangi nao watajwe. Mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, kisha mwulizeni kama ukuta ule unahitaji kibali cha jiji kwa kuwa unatazama barabara kuu.

SWALI: Ninafundisha shule ya msingi mkoani Njombe. Wanafunzi wetu wametengeneza vinyago vya udongo, mikeka midogo na vikapu vya mianzi. Tunataka kuvionyesha siku ya wazazi na pengine kuviuza ili tununue vifaa. Kuna tatizo lolote?
Mwalimu, Njombe

JIBU: Hakuna tatizo mkiwauliza watoto na wazazi wao kabla ya siku yenyewe. Mtoto anayetaka kubaki na kikapu chake abaki nacho. Kionyeshwe na kadi iseme hakiuzwi. Kwenye kadi andikeni jina la kwanza na darasa, basi. Picha za vitu zinatosha kusambazwa, za nyuso za watoto hazihitajiki. Fedha ipitie kamati ya shule, na isomwe kwenye mkutano wa wazazi pamoja na vifaa vilivyonunuliwa. Nawaomba pia msitoe zawadi kwa kazi iliyo safi kuliko zote, kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo iliyotengenezwa na baba.

SWALI: Mimi ni mzee wa Rungwe. Nina kigoda cha babu yangu kilichochongwa kwa gogo moja, mkuki wake, vibuyu, na ngozi ya mbega iliyovaliwa ngomani. Vijana wa hapa wananiomba nivitenge katika chumba kimoja watu waje kuviona na kujifunza. Wakati huohuo mgeni mmoja kutoka Ulaya amekuja mara mbili akitaka kukinunua kigoda kwa fedha nyingi. Watoto wangu wamegawanyika. Ninaomba ushauri.
Mzee, Rungwe

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Nianze na mgeni, kwa kuwa yeye ana haraka na wewe huna. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vya nchi hii, na kuvitoa nje kunahitaji kibali cha mamlaka. Kwa hiyo hata kama moyo wako umekubali kuuza, usipokee hata senti kabla ya kuuliza kupitia ofisi ya utamaduni ya wilaya kama kigoda hicho kinahusika. Mgeni mwaminifu atasubiri jibu. Asiyetaka kusubiri amekwisha kujieleza.

Kitu kikishavuka mpaka ni kazi kubwa kukirudisha. Wahehe wanalijua hilo kwa uchungu usiolingana na wa kigoda: fuvu la mtawala wao, Mtwa Mkwawa, lilichukuliwa na Wajerumani baada ya kifo chake mwaka 1898, likatajwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kwamba lirudishwe, na bado halikufika kwao Kalenga hadi mwaka 1954. Hiyo ni miaka 56, tena kwa jambo lililodaiwa na dola.

Ngozi ya mbega ishughulikie kabla ya kumwalika mtu yeyote. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ngozi, meno na sehemu nyingine za wanyamapori huhesabiwa kuwa nyara, na kuwa nazo bila hati kunaweza kukuingiza matatani hata kama ulizirithi. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya mwenyewe, ukiwa na mzee mwenzako anayejua historia ya ngozi hiyo, ukaeleze na kuomba utaratibu. Ni bora aisikie habari hiyo kutoka kwako kuliko aione kwenye picha iliyosambazwa na kijana aliyekuja kutembea.

Chumba cha vijana ninakiunga mkono, kwa masharti machache. Kisiwe jikoni wala jirani na jiko. Kigoda na mkuki viinuliwe juu ya ubao, mbali na ukuta wa udongo, na miguu ya ubao ikaguliwe mara kwa mara, maana kwa mvua za Rungwe mchwa na ukungu hawachelewi. Kigoda kisipakwe vanishi na mkuki usisuguliwe kwa msasa. Weusi ule wa kushikwa na kukaliwa ndio umri wake. Kitambaa kikavu kinatosha. Mkuki ufungwe ukutani mahali ambapo mtoto hafiki.

Kabla ya kufungua mlango, kaa na mjukuu mmoja mwenye simu. Mweleze kitu kimoja baada ya kingine, naye arekodi sauti yako: nani alikichonga, kwa mti gani, kilikaliwa na nani na wakati gani, nani hakuruhusiwa kukikalia. Apige picha kila kitu pande zote, akipime kwa rula, na aandike orodha. Jina la aliyekichonga kigoda likikumbukwa na mtu yeyote katika ukoo, liandikwe la kwanza, kabla hata ya jina la babu aliyekimiliki.

Watoto wako waitwe siku moja, orodha isomwe mbele yao, na iandikwe kwamba vitu vinabaki vya ukoo, vijana wanavitunza na kuvionyesha, na kwamba hakuna mmoja anayeweza kuuza peke yake. Ikiwa siku moja makumbusho itaomba kigoda, hati iseme wazi kama ni azima au ni zawadi, na kama ni azima, ni ya muda gani. Wote watie sahihi. Nakala moja ibaki kwako, moja kwa vijana, na moja ipelekwe ofisi ya kata, ambako mtendaji ataigonga mhuri na kuandika tarehe aliyoipokea.